Kitanda cha Mlimani

Mabasi ya kutoka Tarime, Musoma na Bunda yanaposhusha abiria stendi jijini Mwanza vyuo vikikaribia kufunguliwa, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hajifichi. Ana begi lililofungwa zipu kwa kulilalia, ndoo mpya yenye kifuniko, pasi ya umeme ndani ya mfuko wa plastiki, na godoro jembamba lililoviringishwa na kukazwa kwa kamba. Bodaboda wanamzunguka kabla hajajua aliko. Swali analoulizwa na kila mtu, kuanzia dereva hadi muuza maji, halihusu kozi wala ufaulu.

"Mdogo wangu, umepata chumba?"

"Bado, kaka."

Babu yake angeshangaa kuona godoro. Kijana wa Kanda ya Ziwa aliyechaguliwa kwenda Chuo Kikuu miaka ya 1970 aliondoka na sanduku la bati na barua yake tu. Kama alitoka Bukoba, alivuka ziwa usiku kwa meli ya Victoria hadi bandari ya Mwanza, kisha akapanda treni ya Reli ya Kati kwa safari ya zaidi ya kilomita 1,200. Mwisho wa safari, juu ya kilima nje ya Dar es Salaam, kitanda chake kilikuwa kinamngoja, na aliyekilipia ni serikali. Namna kitanda hicho kilivyopatikana, kilivyogombaniwa na kilivyopotea ni sehemu kubwa ya historia ya elimu ya juu nchini.

1961–1964: Kutoka Mtaa wa Lumumba hadi kilimani

Chuo kilianza bila bweni la kujivunia. Oktoba 25, 1961, wiki sita hivi kabla ya Uhuru, Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilifungua milango yake katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, chini ya Chuo Kikuu cha London. Kilikuwa na kitivo kimoja, cha Sheria, na wanafunzi ambao ungeweza kuwapakia wote kwenye basi dogo na nafasi ikabaki. Mmoja wao alikuwa mwanamke, Julie Manning, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Sheria.

Mwaka 1963 chuo kikaunganishwa na Makerere na Nairobi kuunda Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Kazi ziligawanywa: udaktari Kampala, uhandisi Nairobi, sheria Dar es Salaam. Mgawanyo huo ulimaanisha kwamba Mkenya au Mganda aliyetaka uanasheria alikuja kusoma Dar, na mtu aliyetoka mbali hivyo lazima alazwe mahali.

Mahali palipochaguliwa ni kilima karibu na Ubungo, kilomita 13 hivi kutoka katikati ya jiji. Leo watu wanapaita Mlimani tu. Wakati huo pembeni hapakuwa na mtaa wa kupanga chumba wala mama lishe wa kukopesha ugali, kwa hiyo kumwandikisha mwanafunzi bila kumpa kitanda kulikuwa sawa na kumwandikisha alale porini. Wachoraji walikuwa kampuni ya Uingereza ya Norman & Dawbarn, ambayo ilishasanifu pia Chuo Kikuu cha West Indies huko Mona, Jamaika. Walichokijua kuhusu joto la kisiwa kile wakakileta pwani ya Afrika: majengo marefu yasiyo manene, yaliyogeuzwa kukaribisha upepo wa bahari, na kuta zenye matundu ya kupitisha hewa.

Mabweni yalipanda ghorofa kwa ghorofa kwenye miteremko ya kilima. Kwa wengi waliotoka vijijini, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kulala juu ya vichwa vya watu wengine. Makerere mabweni yalipewa majina ya wakubwa, kama Livingstone, Mitchell na Northcote. Mlimani yalipewa namba. Hall I, Hall II, Hall III, na hesabu ikaendelea. Hadi leo mhitimu wa Mlimani akikutana na mwenzake, maswali mawili ya mwanzo ni mwaka gani na Hall ipi.

Maisha ya ndani yaliigwa kutoka vyuo vya Kiingereza. Kulikuwa na mlezi wa bweni, ukumbi wa chakula wenye wahudumu, na wafanyakazi wa kusafisha vyumba. Rais Nyerere aliona mapema hatari iliyokuwa ikichemka ndani ya starehe hiyo. Mwaka 1964 alitoa mfano wa kijiji chenye njaa kinachompa mtu mmoja chakula chote kilichobaki, ili apate nguvu ya kwenda mbali kuleta kingine. Mtu huyo akila na asirudi, alisema, ni msaliti. Huo ndio uliokuwa mkataba wa kitanda cha Mlimani: taifa linakulaza na kukulisha, nawe utarudisha kwa utumishi.

1966: Majoho yanapofika Ikulu

Mkataba ulijaribiwa mapema. Serikali iliamua kwamba wahitimu watumikie Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa miaka miwili: miezi kadhaa kambini, na muda uliobaki kazini kwa asilimia 40 ya mshahara. Wanafunzi wakaona wanapunjwa. Oktoba 22, 1966, mamia yao wakaandamana hadi Ikulu wakiwa wamevaa majoho ya kitaaluma. Bango moja lililowachoma viongozi kuliko yote lilidai kwamba hata wakati wa ukoloni hali ilikuwa nafuu.

Nyerere aliwasikiliza, akajibu kwa hasira. Alikubali kwamba mishahara ya wakubwa ilikuwa minono mno na papo hapo akatangaza kukata wake kwa asilimia 20. Kisha akawaambia waende nyumbani. Walirudishwa Mlimani chini ya ulinzi wa polisi kukusanya vitu vyao, wakasafirishwa hadi makwao, wale wa Kanda ya Ziwa wakifuata reli ileile iliyowaleta. Zaidi ya 300 walikuwa wa Chuo Kikuu. Katika mabweni walibaki Watanzania wachache pamoja na Wakenya na Waganda, ambao JKT haikuwahusu.

Wengi waliruhusiwa kurudi mwaka uliofuata baada ya kuomba radhi. Lakini somo lilishaingia pande zote mbili. Serikali ilijua sasa kwamba kundi kubwa la vijana wanaolala pamoja linaweza kukubaliana usiku mmoja na kuwa barabarani asubuhi. Wanafunzi nao walijua kwamba adhabu ya serikali huanzia kitandani: ukikosana nayo, hufungiwi darasa kwanza, unaambiwa ufungashe sanduku.

1967–1971: Bweni linapogeuka darasa

Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967. Mwezi uliofuata chuo kikaitisha mkutano wa kujadili nafasi yake katika nchi ya kijamaa, na hewa ya Mlimani ikabadilika. Mwaka huohuo wanafunzi wa mrengo wa kushoto wakaunda USARF, umoja wa wanamapinduzi wa Kiafrika, na kumchagua Yoweri Museveni, kijana wa Uganda aliyekuwa akisoma siasa na uchumi, kuwa mwenyekiti. John Garang wa Sudan, ambaye baadaye aliongoza vita vya ukombozi vya Sudan Kusini, alipita pia katika duru hizo.

Mwalimu waliyempenda zaidi alikuwa Walter Rodney, Mguyana aliyesoma Mona, kwenye kampasi ya wasanifu walewale waliochora Mlimani. Mihadhara yake ilimalizika saa ya kipindi, lakini ubishi uliendelea ukumbi wa chakula, kwenye ngazi, kisha vyumbani hadi taa za wasiopenda siasa zilipozimwa kwa hasira. Hapo ndipo faida ya bweni ilipoonekana. Mwanafunzi anayepanda basi saa kumi jioni kurudi kwa mjomba hawezi kubaki kubishana kuhusu maandishi ya Fanon hadi usiku wa manane.

Novemba 1969 USARF na vijana wa TANU chuoni wakatoa jarida waliloliita Cheche. Waliohusika ni pamoja na Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji, ambaye miaka mingi baadaye alikuwa Waziri wa Fedha. Issa Shivji aliandika humo uchambuzi mkali wa ujamaa wa Tanzania. Nakala zilipita mkono hadi mkono, mlango hadi mlango. Mwaka mmoja baadaye serikali ikalifunga jarida pamoja na USARF yenyewe. Sababu iliyotolewa ni kwamba nchi yenye itikadi yake haihitaji jina lililoazimwa Urusi, kwani Cheche lilikumbusha jina la gazeti la Lenin.

Julai 1, 1970, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilivunjwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikazaliwa. Makamu Mkuu wake wa kwanza, Pius Msekwa, alikuwa mtu wa chama hasa. Mwaka uliofuata kiongozi wa wanafunzi, Mkenya Symonds Akivaga, alisimamishwa masomo baada ya barua ya wazi iliyokosoa uongozi. Polisi wenye silaha waliingia kilimani kumchukua. Wanafunzi waligoma, na mwishowe akarudishwa. Bunduki zilikuwa zimeonekana kati ya mabweni, na haikuwa mara ya mwisho.

Kilima kingine, Moscow

Wakati Mlimani inajengwa, vijana wengine wa Afrika Mashariki walikuwa wakilala kwenye ghorofa ndefu zaidi. Septemba 1, 1953, Chuo Kikuu cha Moscow kilifungua jengo lake la ghorofa 36 juu ya Milima ya Lenin, lenye mnara wa mita 240 katikati na mabawa ya mabweni pembeni. Mwaka 1960 Wasovieti wakaanzisha chuo kingine mahsusi kwa ajili ya wanafunzi wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, na mwaka 1961 kikapewa jina la Patrice Lumumba, jina lilelile la mtaa chuo cha Dar kilipozaliwa.

Huko nako bweni lilikuwa mkono wa dola: kitanda bure, posho kila mwezi, koti la baridi. Na huko nako kulikuwa na manung'uniko. Desemba 18, 1963, mamia ya wanafunzi wa Kiafrika walikusanyika Uwanja Mwekundu kupinga ubaguzi baada ya kifo cha mwenzao wa Ghana, tukio ambalo mji ule haukuwa umezoea kuliona.

Nyumbani, imani kwamba ghorofa ndiyo sura ya ujamaa ilijidhihirisha zaidi Zanzibar. Wajerumani Mashariki walisaidia kupanga na kuanzisha nyumba mpya za Ng'ambo baada ya Mapinduzi, na maghorofa marefu ya Michenzani yakatandazwa mahali palipokuwa na nyumba za udongo. Mlimani haikuwa na saini ya Berlin wala Moscow, ilichorwa London. Lakini aliyekaa ndani yake alipewa ahadi ileile.

1974–1978: Sauti kutoka Musoma

Badiliko kubwa kuliko yote la nani alale Mlimani lilitoka ufukweni mwa Ziwa. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kupitisha azimio lililokata njia ya moja kwa moja kutoka kidato cha sita hadi chuo kikuu. Kuanzia hapo kijana angemaliza shule, apite JKT, afanye kazi angalau miaka miwili, ndipo aombe nafasi akiwa na barua za mwajiri na chama.

Matokeo yalionekana vyumbani. Badala ya kijana wa miaka 20, alikuja mwalimu wa shule ya msingi mwenye watoto watatu, karani wa halmashauri, ofisa ushirika aliyezoea kuwa na mesenja. Watu wazima walipangiwa wawili wawili katika vyumba vilivyobuniwa kwa vijana, na barua kutoka nyumbani zilizungumzia ada za watoto na ng'ombe waliougua. Wanawake walipungua sana, kwani wengi waliokwisha kuolewa hawakuweza kuacha familia. Baada ya miaka michache sharti hilo likaondolewa kwao, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 likalegezwa kwa wote.

Waliodhani watu wazima wangetulia walikosea. Machi 5, 1978, wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kupinga nyongeza ya marupurupu ya mawaziri na wabunge. Safari hii walikuwa wakitumia lugha ya Azimio la Arusha kumhukumu aliyeliandika. Mamia walifukuzwa, mtoto wa Nyerere mwenyewe akiwa miongoni mwao, na kwa mara nyingine masanduku yakashushwa ngazini.

1979–1991: Ndoo kwenye ngazi

Vita dhidi ya Idi Amin na kupanda kwa bei ya mafuta vilimaliza hazina. Chuo kiliendelea kupokea wanafunzi, lakini fedha za ukarabati hazikuja. Ghorofa ina udhaifu mmoja ambao nyumba ya chini haina: pampu ikifa, maji hayapandi. Kilichokuwa fahari mwaka 1964 kikawa adha. Asubuhi ilianza na foleni ya ndoo bombani chini, kisha safari ya ngazi kwa mkono mmoja ukiwa umeshika reli ya ukuta na mwingine ukikwepa kumwaga. Aliyepewa chumba cha juu alijifunza kuoga kwa kopo moja.

Ubovu haukuwa wa mabomba tu. Kwa miaka mingi kundi lisilojulikana, lililojiita Mzee Punch, lilibandika kutani michoro na maneno ya kuwaaibisha wanafunzi, hasa wanawake waliokataa kutongozwa. Waliotajwa hawakuwa na pa kukimbilia, maana mbandikaji alikuwa jirani. Mwanzoni mwa 1990 mwanafunzi mmoja wa kike alijiua baada ya kunyanyaswa. Kifo chake kiliwatikisa wahadhiri na wanaharakati wa haki za wanawake, na Punch akapigwa marufuku.

Miezi michache baadaye, Mei 12, 1990, serikali ya Rais Ali Hassan Mwinyi ilifunga chuo kizima kufuatia mgomo. Mabweni yalikaa matupu hadi Januari 1991.

1992–2005: Kubebana

Mwaka 1992 ilikuja sera ya uchangiaji gharama. Ilianza na mambo madogo kama nauli, kisha ikasogea kwenye chakula na malazi. Mkataba wa 1964 ukaandikwa upya bila sherehe: mwanafunzi hakuwa tena mtu aliyetumwa na kijiji, alikuwa mteja mwenye mkopo. Mwaka 2004 Bunge likatunga sheria ya Bodi ya Mikopo, na mwaka uliofuata Bodi ikaanza kazi. Fedha ya kujikimu ikapewa jina la bumu, na siku bumu linapoingia hata wauza chipsi wa Ubungo wanajua.

Idadi ya wanafunzi iliongezeka kutoka maelfu machache hadi zaidi ya 15,000, na vitanda havikuongezeka hivyo. Vitanda vya ghorofa mbili viliingia katika vyumba vya watu wawili. Wasiopata nafasi wakabuni utaratibu ambao hakuna msanifu aliyeuchora: kubebana. Mwenye kitanda anambeba asiye nacho. Wanalala mmoja kichwa huku, mwingine kichwa kule, na anayebebwa anachangia sabuni, sukari, wakati mwingine fedha. Ikawa haiwezekani kusoma chumbani, ndiyo maana vimbweta, zile meza na viti vya zege vilivyo chini ya miti, hujaa hadi usiku.

Mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, ulijenga hosteli kubwa ya ghorofa Mabibo, kilomita kadhaa kutoka kilimani, ambayo ilianza kupokea maelfu ya wanafunzi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ilipunguza msongamano, ila iliongeza jambo ambalo kizazi cha Cheche hakikulijua: daladala kati ya kitanda na darasa.

2017: Majengo ishirini

Aprili 15, 2017, Rais John Magufuli, mtoto wa Chato na mhitimu wa Mlimani, alizindua mabweni mapya ndani ya kampasi. Ni majengo 20 yenye nafasi ya wanafunzi 3,840, yaliyojengwa na Wakala wa Majengo, TBA, kwa shilingi bilioni 10. Hotuba ya siku hiyo ilijaa hesabu; Rais alieleza kwamba makandarasi binafsi wangetaka fedha nyingi zaidi ya hizo kwa kazi ileile. Vijana walishangilia, na jina la Magufuli Hostel likashika mara moja.

Desemba mwaka huohuo picha za nyufa zikasambaa kwenye simu. TBA ilieleza kwamba ni viungo vilivyoachwa makusudi ili jengo litanuke na kusinyaa bila kupasuka. Ubishi uliendelea kwa wiki kadhaa, katika nchi ambayo ukuta wa bweni haujawahi kuwa ukuta tu.

Kurudi Ziwani

Kanda ya Ziwa nayo haikusubiri Mlimani milele. Nyegezi, Mwanza, ambako Wamisionari wa Afrika walianzisha chuo cha mafunzo ya jamii mwaka 1960, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kilizaliwa mwaka 1998. Mwaka 2003 mafunzo ya udaktari yakaanza Bugando, kwenye jengo refu juu ya kilima ambalo Kanisa Katoliki lililijenga na kulifungua mwaka 1971, likawa chini ya serikali enzi za Ujamaa, kisha likarudishwa kwa maaskofu mwaka 1985. Vyuo vya umma navyo vikafungua matawi jijini.

Vyuo hivi vilikua katika zama za mkopo, si za mkataba. Vina mabweni, lakini idadi kubwa ya wanafunzi wanaishi mitaani: Malimbe, Nyegezi, Nyakato, Buzuruga. Bweni la Mwanza ya leo halipandi juu. Limetandazwa kati ya mawe, chumba kimoja kimoja, nyuma ya nyumba ya mwenye nyumba, likiitwa geto. Mjadala wa usiku upo, lakini uko kwenye kundi la WhatsApp, na kila mmoja ameegemea ukuta wake.

Yule kijana wa basi la asubuhi hatimaye anapata chumba jioni, mwendo mfupi kutoka stendi. Godoro limesafiri kwenye bodaboda likiwa limeshikiliwa kwa goti. Mama mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita, wanaelewana mitatu. Anafungua daftari lake la kodi, anaandika jina la kijana, chuo chake, namba ya simu ya mzazi, kisha anamkabidhi ufunguo uliofungwa kipande cha boksi chenye maandishi ya kalamu nyekundu: 4.

"Maji yanatoka Jumanne na Ijumaa, mwanangu," anamwambia. "Ndoo unayo?"